Santuri ya Kitunguu

Santuri ikifa mikononi mwa Muthama Nzivo, haitupwi. Huifuta vumbi, huirudisha ndani ya jalada lake, huzunguka nayo hadi kibanda cha pili kwa Awiti, na kutangaza kwa sauti ya mtu aliyebeba habari za msiba:

"Mama Caro, nimekuletea marehemu."

Awiti huipokea kwa mikono miwili. "Poleni sana. Amekufa na nini?"

"Mikwaruzo. Sindano inaruka kama mbuzi."

Au siku nyingine: "Jua. Walimsahau dirishani. Hebu ona alivyojikunja, utadhani chapati."

Vibanda vyao vimepakana nyuma ya soko la Burma, pale ambapo moshi wa nyama choma hupita kwanza kabla haujaamua kwenda Barabara ya Jogoo. Kati yao kuna ukuta wa mabati tu, na mabati yenyewe yameshatumika mahali pengine, kwa hiyo yana matundu ya misumari unayoweza kupitisha kidole. Upande huu Muthama anauza santuri kuukuu na kutengeneza vinanda vya kuzichezea. Upande ule Awiti anawageuza marehemu kuwa saa za ukutani. Anakata santuri kwa msumeno mwembamba mpaka iwe twiga, au jogoo, au ramani ya Kenya, anapanua tundu la katikati kwa msumari wa moto, kisha anapachika kimashine cha saa na mishale miwili. Ukinyolewa Shauri Moyo au Umoja ukaona ukutani twiga mweusi anayekwambia ni saa tano na robo, huyo amepita mikononi mwake.

Awiti ana desturi moja ambayo hakufundishwa na mtu. Hamkati marehemu kabla ya kumpiga mara ya mwisho, upande wa kwanza na wa pili. Anaita kumuaga. Anamuagia kwenye kinanda chekundu cha mkoba alichoachiwa na mumewe, kinanda chenye kilema: mkanda wake ulikatika zamani, Muthama akamtilia wa cherehani, na tangu hapo kinakimbia mwendo mmoja tu, ule wa mizunguko arobaini na tano kwa dakika, mwendo wa santuri ndogo. Kwa hiyo marehemu wakubwa, wanaotaka kuzungushwa taratibu kwa thelathini na tatu, huagwa mbio mbio. Wanaume wenye sauti nzito za kutikisa vioo wanalia kama vifaranga. Soko zima limezoea. Vifaranga wakisikika, wachoma nyama huambiana, "Awiti anazika."

Sasa Muthama mwenyewe ni nani?

Ni mtoto wa mchonga vinyago wa Mwala, huko Machakos. Babake alitaka awe mchongaji, lakini kijana akisikia redio ya jirani patasi ilikuwa inasimama hewani, na twiga wengi wa nyumba hiyo walibaki na miguu mitatu. Alipofika miaka kumi na tisa akaja Nairobi, akapata kazi ya kufunga vifurushi katika duka la santuri River Road. Hapo ndipo masikio yake yalipoenda shule. Baada ya mwaka angeweza kusimama nje ya mlango na kukwambia ni bendi gani, mpiga gitaa yupi, na kama siku ile ya kurekodi gitaa lilikuwa na uzi mpya au wa zamani. Kaseti zilipokuja, duka likafa. Tajiri akawaambia wafanyakazi wabebe wanachoweza. Wenzake walibeba meza na feni. Muthama alibeba santuri, mkokoteni mara mbili, na watu wa River Road walimcheka mpaka kona.

Ana miaka sitini na moja leo. Hajui kupiga gitaa. Hajui hata kupiga makofi kanisani. Mkewe Mutheu humkanyaga mguu ili aache kuwapoteza waimbaji. Lakini sikio! Watu wakiwa na ubishi kuhusu wimbo, kuanzia mtaa wa Tena anakoishi mpaka Makongeni, mwisho wake utasikia, "Twende kwa Muthama."

Na Jumapili ndiyo siku yake. Jumapili hauzi kitu. Kuanzia saa nane, kanisa likishatoka, anatoa benchi nje, na wastaafu wa reli wanakuja kutoka Kaloleni na Makongeni, wanakaa wamebanana kama wanafunzi wa dawati moja. Muthama huwapigia benga, rumba, na nyimbo ambazo wenyewe walichumbia nazo. Wiki nzima amekuwa akipanga kwenye daftari ni ipi itangulie na ipi ifuate. Wimbo ukiisha, hakuna anayesema neno. Wote wanamwangalia Zedekiah Oketch.

Zedekiah alikuwa karani wa tiketi za reli kwa miaka thelathini na moja. Ni mwembamba, ana kofia ya kahawia, na ana namna yake. Wimbo ukimgusa, hapigi makofi, hasifu. Anavua kofia na kuiweka gotini. Basi. Kofia ikibaki kichwani, Muthama anaufuta wimbo ule kwenye daftari. Ikivuliwa, Muthama analala vizuri mpaka Alhamisi. Miaka kumi na tisa wameenda hivyo, na ukimuuliza Muthama ana mali gani hapa duniani, hatakutajia kibanda wala mikokoteni miwili ya santuri. Atakwambia, kama hana aibu siku hiyo, kwamba kuna mtu mmoja anayemsikiliza.

Basi Kitunguu kikaja.

Kilikuja mwezi wa saba, ndani ya katoni ya vitu vya mzungu mmoja aliyekuwa anahama. Jalada lilikuwa jeupe, na mbele yake pamechorwa kitunguu kilichokatwa katikati, na kutoka ndani ya kitunguu limeota sikio la mtu. Jina hakuna. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo ya lugha ambayo si Kiingereza, herufi zimejaa nukta juu kama zimeugua tetekuwanga. Katikati ya santuri yenyewe, kwenye karatasi ya duara, kitunguu kingine, na maandishi madogo zaidi.

Muthama alihesabu nyimbo kwa kuzitazama: tatu huku, tatu kule. Santuri kubwa yenye nyimbo nyingi ni thelathini na tatu, ndogo ni arobaini na tano. Sheria hiyo alipewa siku ya kwanza River Road, na hakuwahi kuiuliza swali. Miwani ilikuwa mfukoni. Akaweka sindano.

Kilichotoka! Ng'ombe anayezaa ndani ya bomba. Mwanamume anayeongea na mdomo umejaa ugali. Ngoma inaanguka, inafikiri, inaanguka tena. Muthama alivumilia dakika mbili, akainua sindano, akazunguka kwa jirani.

"Mama Caro. Marehemu."

"Poleni. Amekufa na nini?"

"Huyu hata hakufa. Huyu alizaliwa amekufa. Sijui kama hata kwa saa atafaa, mishale itaona aibu."

Awiti akacheka, akamweka kwenye foleni.

Jumapili iliyofuata Muthama alikuwa ameshatoa benchi, na rumba ya kwanza inazunguka. Aliiona kofia ya kahawia ikija katikati ya moshi, ikampita muuza mtura, ikafika mbele ya kibanda cha Awiti. Ikasimama.

Kofia ile haikuwa na kawaida ya kusimama pale.

Muthama alingoja. Halafu akaweka jicho kwenye tundu la msumari. Awiti alikuwa amekaa, msumeno umelala mapajani. Kinanda chekundu kinazunguka. Zedekiah yuko mlangoni, mdomo wazi, kama mtoto wa darasa la kwanza mbele ya mtu wa mazingaombwe. Kisha mkono wake ukaanza kupanda. Muthama aliujua mkono ule kuliko wake mwenyewe. Ukapanda mpaka juu, ukashika kofia, ukaivua.

Kilikuwa kinapigwa nini? Muthama hakusikia. Rumba yake ilikuwa imejaa kibanda chote, na badala ya kuipunguza, aliiongeza. Mabati yakaanza kutetemeka.

"We Muthama!" Zedekiah akaita kutoka ng'ambo. "Punguza hiyo kelele, bwana! Tunasikiliza muziki huku!"

Kelele. Miaka kumi na tisa, halafu kelele. Muthama alizima, akarudisha benchi ndani mtu hajalikalia, akafunga kibanda saa tisa mchana, kitu ambacho hakuwahi kufanya hata siku ya mazishi ya babake.

Jumapili ya pili, Zedekiah hakusimama tu kwa Awiti, alikaa. Alikuja na kigoda chake. Ya tatu, wazee wawili wa Makongeni walimfuata, wakampungia Muthama mkono kwa mbali kama mtu anayekudai msamaha. Jina likatoka na kuzunguka soko: Kitunguu. "Umesikia Kitunguu?" Mchoma nyama alisema kinaanza na birika linalochemka, birika la kweli, mpaka ukatazama jiko lako. Mwingine akasema kuna mwanamke ananong'ona hesabu, na gitaa kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa ya soda. Kisha watu wengi wanapiga makofi ovyo ovyo, kila mtu lake, mpaka taratibu yanakutana, na yakikutana tu, ngoma inaingia, na wewe mwenyewe unajikuta umesimama.

Muthama aliyasikia hayo yote kwa midomo ya watu. Kwa masikio yake, hapana. Siku za kazi, akisikia tu ng'ambo kinanda chekundu kikifunguliwa kifuniko, hukumbuka ghafla kwamba hajanywa chai, akaondoka. Alikunywa chai nyingi mwezi ule. Moyoni alijipa maelezo: ni vile vifaranga vya Awiti. Wazee wamechoka na muziki wa maana, sasa wanataka vituko. Zedekiah amezeeka masikio.

Lakini roho haikukubali maelezo. Iliuma, tena iliuma mahali pa ajabu, chini ya mbavu, kama kichomi cha kukimbia ukiwa umeshiba. Akimwona Awiti anafagia mbele ya kibanda, alijiuliza anafagia kwa nini kwa furaha hivyo. Akimwona Zedekiah siku ya Jumatano amenunua ndizi mbili, alijiuliza ya pili ni ya nani.

Mutheu alimwona anaizungusha sahani ya muthokoi mbele yake bila kula.

"Baba Kimeu, kuna nini? Umeibiwa?"

"Zedekiah amehamia kwa Awiti."

Mutheu akaweka kijiko chini. "Amehamia vipi?"

"Kusikiliza. Anasikiliza kwake siku hizi."

Mutheu alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Ngai! Unaongea kama mke wa kwanza."

Hakuona la kuchekesha. Kesho yake alizunguka kwa Awiti, mikono nyuma.

"Mama Caro, kuna santuri nilikuletea kwa makosa."

"Ipi?"

"Ile ya... yenye mboga."

"Kitunguu?" Awiti hakuinua macho kutoka kwa twiga aliyekuwa akimkata shingo. "Si ulisema alizaliwa amekufa?"

"Nilisema hivyo?"

"Na mishale itaona aibu."

"Basi kama ni marehemu mbona humkati? Mwezi mzima mtu yuko mochari!"

"Huyu simkati ng'o. Bado tunaongea." Sasa akamtazama. "Kwani unataka kumsikiliza? Kaa. Nikuwekee."

Hapo ndipo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Muthama alihitaji kukaa tu. Lakini kigoda kilichokuwa wazi ni cha Zedekiah, kimewekewa hadi kitambaa, na Muthama alipokiona kile kitambaa, kichomi kikarudi.

"Nina kazi," alisema.

Kadar alikuja Jumanne kutafuta mtu wa kupiga naye soga. Ana kibanda cha makava na chaja za simu upande wa pili wa njia. Mzigo anautoa Eastleigh, ambako mamake, Batulo, anauza vitunguu tangu Kadar hajazaliwa.

"Niaje, mzae. Siku hizi hakuna ngoma huku?"

"Mama yako hajambo?"

"Batulo? Yuko fiti, ni magoti tu. Amesema wiki hii anafunga biashara. Imetosha."

Muthama alikuwa anafuta sindano kwa brashi. Mkono ukasimama hewani, kama zamani kule Mwala.

"Na nyinyi watoto mmemtafutia zawadi gani?"

"Dadangu amesema dera."

"Dera!" Muthama akaweka brashi. "Mtu amewalea kwa vitunguu, vidole vimenuka miaka thelathini, mnampa dera? Kadar. Nenda hapo kwa Mama Caro. Ana santuri, katikati yake pamechorwa kitunguu, ukikiona tu macho yanawasha. Mwambie akukatie saa. Umbo la kitunguu. Aangalie saa, akumbuke alikotoka."

Kadar akaanza kutabasamu taratibu. "Mzae, uko na akili mingi."

"Usiseme nimekutuma. Sema ni wazo lako. Zawadi inapendeza ikitoka kwa mtoto mwenyewe."

Wala hakudanganya hata neno moja. Hilo ndilo aliloshikilia jioni ile yote: hata neno moja.

Awiti alimwambia Kadar achague nyingine. Kadar akasimulia magoti ya Batulo, na gunia lililokuwa kitanda cha watoto nyuma ya meza ya vitunguu. Mamake Awiti aliuza dagaa wa omena Shauri Moyo, na hata Krismasi alinuka omena. Awiti aliomba siku mbili. Siku hizo mbili alikipiga Kitunguu asubuhi na jioni, na Muthama akanywa chai asubuhi na jioni. Ijumaa, harufu ya msumari wa moto ukiingia kwenye santuri ilipita katika matundu ya mabati. Halafu msumeno.

Muthama alifurahi. Tusimsingizie wema ambao hakuwa nao. Alikaa nyuma ya meza yake, akafungua daftari, na akaandika orodha ya Jumapili kwa mwandiko mzuri.

Na kweli Jumapili Zedekiah alirudi. Alikaa pale pale pa zamani kwenye benchi, wale wawili wa Makongeni pembeni yake. Muthama alipiga bora kuliko bora. Alipiga benga ambayo alikuwa ameificha miaka minne akingoja siku maalumu. Ikaisha. Wote wakatazama kofia. Kofia ikabaki kichwani.

"Nzuri," Zedekiah alisema, jambo ambalo hakuwahi kusema.

Akapiga nyingine. Katikati ya wimbo akasikia kitu kidogo kikienda kinyume na gitaa. Zedekiah alikuwa anaimba puani, macho yametazama mbali kule kwenye moshi. Kipande kifupi: kinapanda, kinapanda, kinafika juu, kinaogopa kushuka. Hakikuwa cha benga ile. Hakikuwa cha wimbo wowote ambao Muthama aliujua, na Muthama aliamini anazijua zote.

Hebu fikiria. Umeshamwondoa mwenzako ulingoni, umempeleka Eastleigh akawa saa, na bado anakushinda. Wivu wa kitu kilichopo una dawa: unakificha, unakikata. Wivu wa kitu kisichokuwepo unaufanyia nini?

Wakati huo huo, ng'ambo ya mabati, Awiti alifungua kinanda chekundu. Kulikuwa na marehemu mpya wa kuagwa, kwaya fulani ya wanaume. Sindano ikashuka, na kwaya nzima ya wanaume wenye makoti ikaanza kulia *piiyo-piiyo* kama imeanguliwa asubuhi ile. Benchi lote likacheka. Muthama naye akacheka. Ni kinanda alichokitengeneza yeye, ni mkanda wake wa cherehani, ni arobaini na tano yake mwenyewe. Kila santuri kubwa lazima iwe kifaranga pale.

Ghafla akaacha kucheka.

Kila santuri kubwa. Basi kwa nini Zedekiah hakucheka siku ile? Mwanamke ananong'ona hesabu, walisema. Gitaa kama nyuki. Hakuna hata mmoja aliyesema kifaranga. Mtu hamvulii kifaranga kofia.

Aliinuka akaenda kwa Awiti, na hakupita njia. Alisogeza bati akapita katikati. "Jalada," alisema. "Jalada la Kitunguu liko wapi?"

"Lile pale. Kuna nini, umeona nyoka?"

Alitoa miwani mfukoni. Alisoma kila kitu nyuma ya lile jalada, herufi zenye tetekuwanga moja moja, mpaka chini kabisa kwenye pembe. Hapo, ndogo kama sisimizi, palikuwa na namba ambazo hazihitaji lugha. Nne na tano.

Akakaa. Alikaa kwenye kigoda cha Zedekiah bila kukumbuka ni cha nani.

"Ilikuwa arobaini na tano," alisema.

"Nini?"

"Santuri kubwa, nyimbo sita, lakini ni ya arobaini na tano. Mimi niliizungusha taratibu. Miaka yote hii, Mama Caro, sikuwahi... Nilimsikia akiwa usingizini nikasema amekufa." Zedekiah alikuwa ameshafika kwenye pengo la bati, na wale wawili nyuma yake. Muthama aliwaona, na akaendelea, kwa sababu ukishaanza kuteremka mlima wa Mwala miguu haikuulizi. "Na Kadar ni mimi. Mimi ndiye niliyempa wazo la saa."

Awiti hakuelewa mara moja. Akaelewa. Akanyanyua sindano kutoka kwa wale wanaume wa kwaya.

"Ili nimkate?"

"Ili umkate."

"Ningekupa, Muthama. Ungeniambia tu unamtaka, ningekupa."

"Najua."

"Hujui! Nilikwambia kaa nikuwekee, hukukaa!"

"Kwa nini, omera, ndugu yangu?" Zedekiah aliuliza kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akiitumia dirishani kwa mtu aliyekata tiketi ya treni iliyokwishaondoka. "Santuri ilikukosea nini?"

Muthama alitazama mikono yake. "Wewe uliivulia kofia."

Mmoja wa wazee wa Makongeni alitaka kucheka, akageuza kuwa kikohozi. Zedekiah alishika nguzo ya kibanda.

"Tunaweza kuirudisha kutoka kwa Batulo?" Muthama akauliza. "Niipige hata kipande kilichobaki?"

"Kilichobaki ni shingo ya kitunguu na mizizi," Awiti alisema. "Nimekata kote kote. Na Kadar usithubutu kumwambia neno. Ameniletea salamu jana: mamake ameitundika mbele ya mkeka wa kuswali. Magoti yanauma lakini saa ya swala haimpiti. Iache."

"Nitaiacha."

Awiti alichukua ufagio, akafagia mahali ambapo hapakuwa na takataka, karibu kabisa na miguu ya Muthama, mpaka akamlazimisha aiinue. Akafagia chini yake. Halafu akasimama.

"Sasa bado umekalia nini?"

"Ulianza vipi?" Muthama aliuliza. "Ule wimbo wa kwanza. Baada ya birika."

Kwa mchoma nyama kisu kiligonga ubao mara tatu.

"Niimbieni," alisema. "Tafadhali. Hata vibaya."

Ni Zedekiah aliyeanza, si kwa huruma, ila kwa sababu kilikuwa tayari kinamwasha tangu asubuhi. Akaimba puani kile kipande kinachopanda. Kilipofika juu akakishusha pole pole.

"Wapi!" Awiti akasema. "Hakishuki hapo. Kinangoja yule mama ahesabu kwanza."

"Mama anahesabu katika wimbo wa pili."

"Wa kwanza, Mzee Zedekiah! Nimemuaga mara ishirini, mimi!"

"Na mimi nilikuwa nimekaa wapi, Gikomba? Birika, gitaa, kinashuka, ndipo mama."

"Birika, mama, kisha gitaa." Awiti akaimba chake, mkono mmoja umeshika ufagio na mwingine unaonyesha hewani mahali pa kila sauti. Kilifanana na cha Zedekiah kama ndugu wa baba mmoja wanavyofanana. Mzee wa Makongeni akasema wote wamekosea, makofi yanatangulia, akaanza kupiga makofi, na mwenzake akamwambia hayakuwa makofi, zilikuwa nyayo.

"Muthama," Zedekiah akageuka, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, "hebu amua. Nani yuko sawa?"

Wote wakamtazama. Sikio la Tena mpaka Makongeni lilikuwa limekaa kwenye kigoda cha mtu mwingine, miguu imeinuliwa juu ya vumbi. Aliwatazama mmoja mmoja, jinsi walivyokasirikiana, jinsi kila mmoja alivyokuwa na Kitunguu chake kichwani na hataki kukiachia, na kile kichomi chini ya mbavu kikasimama wima. Yeye hakuwa hata na cha kukosea.

"Sijui," alisema. "Anzeni tena. Kwenye birika."